Fishi ya mgonjwa na swali la 7

Mzee mwenye saratani anayekimbia vita Kalengera, kwenye barabara ya Goma na Rutshuru, hubeba godoro, sufuria na wajukuu. Fishi yake, yaani karatasi yake ya matibabu, mara nyingi hubaki kituo cha afya.

Sasa fikirieni matakwa yake: nani amwamulie akishindwa kusema, auguzwe nyumbani au hospitali, azikwe wapi. Nchi tajiri hupenda kupima kama matakwa hayo yamepangwa kwa kuhesabu mafaili yenye karatasi iliyotiwa sahihi. Hesabu rahisi mno hiyo! Karatasi iliyofungiwa kabatini huhesabika, hata kama mwana mkubwa hajui imeandikwa nini.

Kipimo tofauti kipo Kampala, kwa shirika la Afrika la tiba shufaa, APCA. Dodoso lake lina maswali 10: 7 ya mgonjwa, 3 ya anayemuuguza. Swali la 7 humuuliza mgonjwa kama amepata msaada na ushauri wa kutosha ili familia yake ipange ya mbele. Hujibu kwa alama, 0 hadi 5, na anaweza kuonyesha kwa mkono: ngumi ni sifuri, vidole vyote ni tano. Hapo anayepimwa ni huduma, si karani.

Lakini kwa mkimbizi, tano hiyo nayo haifiki Goma peke yake. Nakala ya matakwa hayo ashike mgonjwa mwenyewe, na mwamuzi wake awe mtu atakayekimbia naye.