FIDIA YA KAZI ILIYOTUMIWA BILA RUHUSA
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, Iguhu)



Nimeombwa niseme juu ya fidia anayopata mtu ambaye wimbo wake, mchoro wake au alama yake ya biashara imetumiwa na mwingine bila ruhusa. Swali lilitoka kwa vijana wa hapa wapigao isukuti. Walipigwa picha za video wakicheza arusini, kisha wakaona ngoma yao inatumika kutangaza bidhaa za watu. Wakaniuliza, "Tukishitaki, tutalipwa shilingi ngapi?"

Ndugu zangu, njia ya kulijibu swali hilo mmekwisha kuiona katika kesi za wenzetu walioumia kazini. Aliyekatwa kidole na mashine huulizwa cheti cha daktari, na huulizwa mshahara wake ulikuwa kiasi gani. Hakimu huona uchungu wake, lakini hawezi kuuhesabu bila karatasi. Kesi ya wimbo ni vivyo hivyo.

Kwanza tujue mali ni ya nani. Isukuti ni urithi wa Waisukha na Waidakho. Mwaka 2014 UNESCO iliitia katika orodha ya mila zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Hakuna mtu mmoja awezaye kusema ngoma hii ni yangu, na iko sheria ya mwaka 2016 ya kulinda urithi wa jamii. Lakini wale waliocheza siku ile wana haki yao kama wachezaji: uchezaji wao usirekodiwe na kuuzwa bila idhini yao. Na aliyetunga wimbo mpya ana haki ya mtungaji tangu siku alipouandika au kuurekodi, hata kama hajauandikisha popote. Kuandikisha humsaidia kupata ushahidi.

Sasa fidia. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, mahakama yaweza kumzuia mkosaji asiendelee, na kuamuru nakala zitolewe. Yaweza pia kuamuru alipe hasara. Lakini hasara ya fedha iliyokwisha kutokea sharti itajwe katika mashitaka na kuthibitishwa. Ukisema ulipoteza shilingi 300,000, utaulizwa stakabadhi. Iko njia ya pili: mwenye haki aweza kuchagua kulipwa kiasi ambacho angelipa mtu mwungwana aliyeomba ruhusa. Basi kama kikundi chenu kimewahi kukodishwa kwa shilingi 20,000, na karatasi ya mapatano mnayo, karatasi ile ni kipimo cha kumwonyesha hakimu. Kama mlilipwa chakula na nauli bila maandishi, kipimo hakipo.

Wengine husikia habari za Marekani wakadhani na hapa ni mamilioni. Kule sheria imeweka viwango: kwa kawaida dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi moja, na hadi 150,000 ikiwa kosa lilifanywa kwa kusudi. Mama mmoja wa Minnesota, Jammie Thomas-Rasset, alishitakiwa na makampuni ya santuri kwa nyimbo 24 alizowagawia watu katika intaneti. Mwaka 2007 baraza la wazee wa mahakama lilimtoza dola 222,000. Kesi ikarudiwa mwaka 2009, ikawa dola 1,920,000. Mwaka 2010 ikawa 1,500,000. Mwisho, mwaka 2012, mahakama ya rufani iliirudisha kwenye 222,000. Ndiyo kusema, viwango hivyo vyaweza kumwangukia mnyonge vilevile. Kwetu Kenya mdai hana kiwango cha kushika; lazima athibitishe.

Na tusisahau Solomon Linda wa Afrika ya Kusini. Alirekodi wimbo "Mbube" mwaka 1939, akauachilia kwa shilingi 10, akafa maskini mwaka 1962. Wimbo ule ulizunguka dunia nzima. Jamaa zake walishitaki mwaka 2004 wakitegemea sheria ya zamani ya Kiingereza ya mwaka 1911, iliyorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtungaji kufa. Mwaka 2006 wakapatana na kuanza kulipwa. Aliyeuimba hakuona senti ya fedha hizo.

Mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana, nilifanya kazi katika kiwanda kimoja cha kupiga chapa. Tajiri aliniambia nichore alama ya mifuko ya unga ya mteja wake. Nikachora jogoo amesimama juu ya gunzi. Alama ikaandikishwa, ikaenea madukani. Mimi nilipata mshahara wa mwezi ule tu. Nilipokwenda kwa wakili, aliniuliza, "Una mapatano ya maandishi?" Sikuwa nayo. Akanieleza ya kwamba kazi anayoifanya mwajiriwa katika ajira yake huhesabiwa kuwa mali ya mwajiri, ila wakiwa wamepatana vingine. Mtu akiigiza jogoo yule leo, atakayelipwa fidia ni mwenye alama. Nikimwona dukani, hugeuza uso.

Kwa hiyo nawaombeni mambo matatu. Vijana wa isukuti, msipande gari la mtu kabla ya kutia sahihi mapatano, na nakala moja mkae nayo. Akina mama mnaouza sabuni na unga, andikisheni alama yenu. Hulindwa miaka 10, na huweza kuongezwa tena. Isipoandikishwa, mtabaki na kazi ngumu ya kuthibitisha ya kwamba wanunuzi waliijua na wakadanganywa. Na ninyi wajumbe wa chama, tutakapoketi na matajiri kufanya mapatano ya pamoja, kiwepo kifungu juu ya michoro, nyimbo na maandiko ya wafanya kazi. Kifungu hicho kingekuwako siku zangu, nisingerudi kwa wakili mikono mitupu.