Chini ya Gunia: Somo juu ya Amri ya Saba



Wasikilizaji wapenzi, leo twataka kufikiri pamoja juu ya Amri ya Saba ya Mungu, ile ikatazayo wizi. Wakristu wengi huipita amri hii upesi wajiwekapo tayari kuungama. Husema moyoni: Sikuvunja nyumba ya mtu, wala sikuchukua mbuzi wa jirani; basi, amri hii hainihusu. Lakini njia kuu ipitayo Likasi yatufundisha neno jingine.

Ninyi mkaao kando ya njia hiyo, iunganishayo Lubumbashi na Kolwezi, mwayaona malori yabebayo shaba na kobalti. Mwawaona pia wanaume wasukumao baiskeli zenye magunia ya makala. Kazi yao ni ngumu. Hukata miti porini, huipanga, huifunika kwa majani na udongo, kisha huulinda moto siku nyingi, mchana na usiku, hewa isije ikapenya na miti yote ikawa majivu. Baada ya hayo huusukuma mzigo kwa miguu mpaka mjini.

Siku moja, katika safari ya kuzuru vijiji vya upande wa Kambove, tulipumzika chini ya mti pamoja na kijana mmoja wa kazi hiyo, aliyebatizwa Pasaka iliyotangulia. Tulipokwisha kusalimiana aliuliza: “Padre, wenzangu hutia majani na vumbi chini ya gunia, na makala mazuri juu. Kwa makala yale yale nijazayo magunia matatu, wao hujaza manne, nao huuza kwa bei moja nami. Njiani twadaiwa fedha, na mjini wanunuzi hutupunja. Watoto wangu wangoja chakula. Je, hiyo nayo ni dhambi?”

Mtu aulizaye hivyo hatafuti udhuru, atafuta njia. Nasi tukamwuliza: “Mwanangu, ni nani anunuaye gunia lako?” Akajibu: “Mara nyingi ni akina mama wapikao chakula cha kuuza.” Tukasema: “Basi, mama huyo afikapo chini ya gunia na kukuta majani, mbabula yake itawaka kwa nini?” Kijana akanyamaza kitambo, kisha akasema polepole: “Watoto wake nao watalala na njaa.”

Wapenzi, jibu hilo ndilo somo letu. Kumdanganya mtu katika biashara ni kumwibia, hata kama mkono haukuingia mfukoni mwake. Mnunuzi aona mdomo wa gunia. Mungu aona chini yake.

Wala tusidhani ya kuwa amri hii yamfunga mnyonge peke yake. Anunuaye makala kwa bei ya kumwonea mwenye shida, naye aiba. Adaiye fedha njiani bila haki, naye aiba. Apimaye madini ya wachimbaji kwa mizani ya uongo, naye aiba, na deni lake ni kubwa zaidi kwa kuwa ana nguvu zaidi.

Hatukumwahidi kijana yule kwamba uaminifu utamtajirisha. Pengine utamgharimu. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, mzaliwa wa Goma wa mwaka 1981, alifanya kazi ya kukagua bidhaa zipitazo mpakani. Alipewa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite, akakataa, kwa maana alijua kwamba kingewadhuru watu watakaokila. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri, huko Roma. Yeye naye alimfikiri mtu atakayelifungua gunia.

Lakini yafaa mmoja asiachwe kuubeba mzigo huu peke yake. Ninyi mchomao makala katika kijiji kimoja, pataneni kujaza magunia kwa haki, na apataye hasara kwa ajili ya haki, wenzake wamsaidie.

Sasa yashikeni maneno haya, mkawafundishe na watoto wenu.

Swali: Je, kuficha ubaya wa kitu tukiuzacho ni wizi?
Jibu: Ndiyo, ni wizi, kwa sababu twapokea fedha tusiyostahili.

Swali: Je, yatosha kuungama dhambi hiyo kwa padre?
Jibu: Haitoshi. Yatupasa pia kurudisha tulichoiba, kadiri tuwezavyo, kama Zakayo alivyokusudia kurudisha mara nne.

Swali: Na kama hatumjui tena tuliyemwibia?
Jibu: Tuwape maskini mali hiyo, wala tusijiwekee.

Kusudi la juma hili: kabla ya kulifunga gunia, au kabla ya kutaja bei, kila mmoja amfikiri yule atakayepokea, na watoto wake.

Tuombe. Ee Mungu, wewe waona yaliyofichika. Utupe mikono safi na riziki ya haki, utulinde njiani, uwahurumie wenye kutuonea, uwageuze mioyo. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.