Kupima Kabla ya Kusadiki

(Maneno ya mazungumzo juu ya uchunguzi mpya wa wataalamu)

Kila juma magazeti na redio huleta habari za uchunguzi mpya. Leo ni dawa, kesho ni mashine, keshokutwa ni mbegu. Msikilizaji ambaye si mtaalamu hana nafasi ya kwenda kujionea mwenyewe. Huzipokea habari hizo kama apokeavyo salamu kutoka mbali, naye ama huzisadiki zote ama huzikataa zote. Njia zote mbili zina hatari. Iko njia ya tatu, nayo ni kuuliza swali moja: Je, jambo hili limepimwa kwa namna gani?

Mazungumzo haya yanaeleza mambo manne yaliyopimwa katika Afrika ya Mashariki na katika nchi ya Malawi. La kwanza lilithibitika kama lilivyotumainiwa. La pili lilipindua fikira za madaktari. La tatu lilileta faida ambayo siyo iliyotafutwa. La nne limewafaa wakulima, ingawa wataalamu bado hawajapatana juu ya sababu yake.

Jambo la kwanza ni chandarua. Tangu zamani watu wa pwani walijua kwamba chandarua humzuia mbu, na baadaye wataalamu wakapata dawa ya kukichovya ili mbu akigusa afe. Lakini kumzuia mbu ni neno moja, na kuokoa roho ya mtoto ni neno jingine. Kituo cha uchunguzi cha Kilifi, kilichoanzishwa mwaka 1989, kilitaka kulijua hilo la pili. Katika miaka ya 1993 hadi 1995 vijiji vya sehemu ile viligawanywa kwa kura: vingine vilipewa vyandarua vilivyochovywa dawa, na vingine viliendelea kama kawaida kwa muda. Kisha watoto wakahesabiwa, wazima na waliokufa, pande zote mbili. Taarifa iliyotolewa mwaka 1996 ilionyesha kwamba katika vijiji vyenye vyandarua vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa theluthi moja hivi, na malaria kali iliyowapeleka watoto hospitali ilipungua kwa asilimia 44. Tangu hapo mtu anayehimiza chandarua hahitaji kubahatisha. Hesabu ipo.

Yafaa ieleweke kwa nini kura ilipigwa. Kama wataalamu wangewapa vyandarua wale tu waliovitaka, basi huenda wangekuwa ndio watu wenye uwezo, wenye nyumba nzuri na wenye desturi ya kwenda hospitali mapema. Watoto wao wangeishi zaidi, na chandarua kingesifiwa kwa kazi isiyo yake. Kura haijui tajiri wala maskini. Huwachanganya watu wa kila namna pande zote mbili, ili kitu kimoja tu kiwatofautishe, yaani kile kinachopimwa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mtoto mwenye homa kali hufikishwa hospitali akiwa hoi: mikono na miguu ni ya baridi, mapigo ya moyo ni ya mbio na hafifu, na damu haizunguki mwilini inavyopasa. Kwa miaka mingi madaktari wa nchi tajiri walifundishwa kwamba mtoto kama huyo atiwe maji mengi mshipani kwa haraka, ili mishipa ijae na damu ipate kwenda. Fundisho hilo liliingia katika vitabu. Katika hospitali nyingi za Afrika halikuweza kufuatwa kikamilifu kwa ukosefu wa vifaa na watumishi, na wengi waliona kuwa huo ni upungufu unaoua watoto.

Bibi Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, pamoja na wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania, walikusudia kulipima fundisho hilo. Kazi ilianza mwaka 2009 katika hospitali 6 za nchi hizo tatu. Watoto wote walipewa dawa za ugonjwa wao, na walitunzwa kwa uangalifu. Tofauti ilikuwa moja. Kwa kura, theluthi moja walitiwa haraka maji ya chumvi, theluthi nyingine walitiwa haraka maji yenye albumini, ambayo hutolewa katika damu ya binadamu, na theluthi ya mwisho hawakutiwa maji ya haraka, bali walipewa kidogo kidogo kiasi cha mahitaji ya kila siku. Kwa kuwa mtoto aliye taabani hawezi kungojea, mzazi aliulizwa kwanza kwa maneno machache, kisha akaelezwa yote na kuombwa idhini kamili hali ilipotulia.

Wengi walitazamia kwamba maji ya haraka yangeshinda, na neno lililobaki lilikuwa tu kujua ni maji gani yaliyo bora. Hata macho yalielekea kushuhudia hivyo. Baada ya saa moja, katika watoto waliotiwa maji ya haraka, 43 katika kila 100 walikuwa wameondokewa na dalili za mzunguko mbaya wa damu. Katika wale wengine ni 32 tu. Muuguzi aliyesimama kando ya kitanda aliona mikono ya mtoto ikipata joto, na hapana shaka alifurahi.

Lakini kamati ya wasimamizi wasiohusika na matibabu ilikuwa ikitazama hesabu kwa siri. Mwezi wa Januari 2011 kamati hiyo ilitoa shauri kwamba watoto wasiendelee kuingizwa. Watoto 3,141 walikuwa wamekwisha kuingia. Katika saa 48 za kwanza, waliotiwa haraka maji yenye albumini walikufa 10.6 katika kila 100. Waliotiwa haraka maji ya chumvi walikufa 10.5 katika kila 100. Na wasiotiwa maji ya haraka walikufa 7.3 katika kila 100. Maana yake ni kwamba tiba iliyodhaniwa kuwa wokovu iliongeza vifo zaidi ya vitatu katika kila watoto 100. Wataalamu walipochungua vifo vile waliona kwamba hasa ni moyo na mishipa iliyoshindwa baadaye, baada ya ile nafuu ya saa ya kwanza.

Wazee walisema kwamba haraka haraka haina baraka, ila hapa si methali iliyotoa hukumu bali ni hesabu. Mwaka 2016 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa mwongozo uliorekebishwa, unaowaonya wahudumu wasiwatie maji ya haraka watoto wenye homa ambao wana baadhi tu ya dalili za mzunguko mbaya wa damu. Pamoja na hayo, mzazi asifahamu vibaya. Watoto wenye kuhara hawakuwa katika uchunguzi huu. Mtoto anayehara na kukaukiwa na maji hana budi kurudishiwa maji, kwa kinywa au kwa mshipa, kama mganga atakavyoagiza. Uchunguzi hujibu swali lililoulizwa tu, na mwenye kulichukua jibu akalipeleka kwenye swali jingine hujidanganya.

Jambo la tatu linahusu ufundi wa mitambo. Katika nyumba nyingi za Afrika chakula hupikwa juu ya mafiga matatu, na moshi hujaa ndani. Moshi hudhuru mapafu, na kichomi ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi walio chini ya miaka 5. Mafundi walitengeneza jiko dogo la kuni lenye feni inayopuliza hewa, hata kuni zikaungua vizuri na kutoa moshi kidogo. Feni hiyo hupata nguvu kutoka betri inayojazwa kwa mwanga wa jua. Mtu akilitazama jiko hilo husema papo hapo: moshi umepungua, basi kichomi kitapungua.

Nchini Malawi, katika wilaya za Karonga na Chikhwawa, neno hilo lilipimwa kati ya mwaka 2013 na 2016. Vijiji 150 viligawanywa kwa kura, na watoto zaidi ya 10,000 wakafuatwa. Nyumba za upande mmoja zilipewa majiko mapya, na nyumba za upande wa pili ziliendelea na mafiga. Hesabu ilipotolewa mwishoni mwa mwaka 2016, kichomi kilikuwa karibu sawasawa pande zote mbili: kiasi cha 16 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Jiko halikupunguza kichomi hata kidogo.

Kwa nini? Wataalamu walieleza kwamba jikoni siko pekee kunakotoka moshi. Takataka huchomwa uani, taa za mafuta huwashwa usiku, tumbaku huvutwa, na moshi wa jirani hauombi ruhusa ya kuingia. Tena majiko yenyewe yaliharibika mara kwa mara yakahitaji kutengenezwa. Hata hivyo katika daftari zile ilionekana faida ya namna nyingine. Ajali za watoto kuungua moto zilipungua kwa asilimia 42 hivi katika nyumba zenye majiko mapya. Mama aliyelipenda jiko lake hakukosea kulipenda, ila anayetaka kuondoa kichomi kwa njia ya hewa safi amejua sasa kwamba ni lazima kijiji kizima kitazamwe, na kwamba jiko moja katika nyumba moja halitoshi.

Jambo la nne ni la shamba. Wakulima wa mahindi wa Kenya ya Magharibi wana maadui wawili wakubwa. Wa kwanza ni funza anayetoboa bua la mahindi. Wa pili ni gugu lenye maua ya zambarau liitwalo kiduha, ambalo Wajaluo huliita kayongo. Gugu hili hushika mizizi ya mahindi chini ya udongo na kunyonya chakula chake, hata mahindi yakadumaa kabla mwenye shamba hajaliona juu ya ardhi.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa kituo cha uchunguzi wa wadudu, chenye makao makuu Nairobi na tawi lake Mbita kando ya ziwa Victoria, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, na wa idara ya utafiti wa kilimo ya Kenya, walitafuta njia ya kumpunguza funza bila gharama ya dawa. Bwana Zeyaur Khan alikuwa miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo. Walipanda mmea utambaao uitwao desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na nepia kuzunguka shamba. Nepia huwavuta nondo watage mayai huko, na funza wengi wakianguliwa hufa katika utomvu wake unaonata. Desmodiamu ilikusudiwa kuwafukuza nondo kwa harufu. Njia hiyo ikaitwa sukuma-vuta.

Ndipo lilipoonekana jambo lisilotazamiwa. Penye desmodiamu kiduha nacho kilipungua sana. Uchunguzi ulionyesha kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa vitu viwili: kimoja huziamsha mbegu za kiduha ziote, na kingine huizuia miche yake isiweze kushika mizizi ya mahindi. Mbegu huota bure na kufa. Zaidi ya hayo desmodiamu hurutubisha udongo, nayo pamoja na nepia ni chakula cha ng'ombe.

Mavuno yaliongezeka, wala hakuna anayebishana juu ya hilo. Lakini mwaka 2024 wataalamu wengine walitoa taarifa kwamba walipopima hewa ya mashambani hawakuona desmodiamu ikitoa ile harufu ya kufukuza kwa namna iliyodhaniwa. Waliona kwamba majani yake yana vinyweleo vinavyowanasa na kuwaua funza wadogo. Hoja hiyo haijamalizika. Mkulima hana sababu ya kung'oa desmodiamu yake kwa ajili ya hoja hiyo, wala mtaalamu hana sababu ya kuona haya kulipima upya neno lililokwisha kuandikwa vitabuni. Sababu ikijulikana sawasawa, mmea ulio bora zaidi utaweza kuchaguliwa kwa sehemu zenye ukame.

Basi kila asikiaye kwamba uchunguzi umethibitisha dawa fulani, au jiko, au mbegu, na aulize maneno manne. Kitu hicho kililinganishwa na nini? Watu wangapi walihesabiwa? Walifuatwa kwa muda gani, saa moja au mwezi mzima? Na je, nani aliyehesabu: ni yule anayekiuza, au ni mtu asiye na faida kwa jibu lolote? Muuzaji asiyeweza kujibu hata moja hastahili kupewa fedha. Mganga mzuri hatakasirika akiulizwa.

Kadhalika mzazi anayeombwa mtoto wake aingizwe katika uchunguzi ana haki ya kuelezwa kila neno kwa lugha aijuayo, na ana haki ya kukataa bila mtoto wake kunyimwa tiba. Akikubali, si kwamba anamtoa mtoto kafara. Katika hospitali zile 6, kila mtoto aliyeingizwa alipata dawa na uangalizi, na wengi sana walirudi nyumbani. Majina yao hayakuandikwa katika taarifa yoyote. Lakini leo mganga anapofungua maji polepole badala ya haraka, mtoto aliye mbele yake anafaidi maarifa yaliyopatikana kwa watoto wale 3,141 na kwa wazazi waliosema ndiyo.