Safari ya Majeruhi Katika Vita vya Burma



Wengi huuliza habari za mizinga na bunduki, lakini ni wachache waulizao: askari akipigwa risasi msituni, mbali na hospitali, nani humchukua, na kwa njia gani? Mfano wangu ni Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, yenye askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilishuka Bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua kubwa za kusi.

Kwanza walikuja wachukuzi wa machela. Katika tope na milima machela moja huhitaji watu wanne au zaidi, na kila hatua humwumiza mgonjwa. Walimfikisha kwa daktari wa kikosi, ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia damu, kuufunga mfupa uliovunjika, na kuandika katika kikaratasi dawa aliyompa na saa yake. Kikaratasi hicho alifungiwa mgonjwa mwilini. Ni kitu kidogo, lakini pasipo hicho daktari wa pili angeweza kumpa mofini mara ya pili akamwua.

Hapo ndipo palipokuwa na neno gumu: nani aende kwanza? Si mwenye cheo, wala si apigaye kelele zaidi. Huyo anyamazaye mara nyingi ndiye aliye karibu na kufa. Aliyejeruhiwa tumboni hawezi kungoja safari ndefu, kwa hiyo madaktari wa kupasua waliletwa karibu na mapigano. Aliyevunjika mkono alingoja.

Ndege ndogo zilitua katika viwanja vilivyofyekwa msituni, zikawapeleka majeruhi mmoja mmoja hadi kiwanja kikubwa. Huko ndege za Dakota, zilizokuwa zimeleta chakula na risasi, ziliwapakia badala ya kurudi tupu. Safari ya siku nyingi ikawa ya saa chache.

Lakini adui aliyewaondoa watu wengi zaidi alikuwa maradhi, na malaria hasa. Jenerali Slim aliandika kwamba mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa ugonjwa. Mgonjwa wa malaria alipelekwa mbali India, akakosekana miezi mitano hivi. Baadaye hospitali za malaria ziliwekwa maili chache tu nyuma ya mapigano, na mtu akarudi kazini baada ya majuma matatu. Tena kila askari alilazimishwa kumeza kidonge cha mepakrini kila siku. Vikosi vilipimwa kwa ghafula, na kama askari walionekana hawamezi, mkubwa wao aliondolewa. Slim aliwaondoa watatu; waliosalia wakaelewa.