Vijana hawaji, ao hakuna wa kuwapokea?

Neno kwa vijana wa Luvungi, bonde la Ruzizi

  

Kila tukibisha kwenye buro za vijana, michezo na burudani, tunapewa jibu moja: vijana wenyewe hawaji tena, basi hakuna haja ya kuongeza mufanyakazi. Na ni kweli, hatuji. Zamani, vakanse ikifika, kiwanja kilikuwa kinajaa mpaka watoto wanapanda miti juu ya kuona. Sasa saa kumi ya jioni ni mbuzi tu. Mupira wa wasichana ndio ulikufa wa kwanza, na hakuna mukubwa aliyeuliza kwa nini.

Lakini tuje kwa nani? Muangalie vile kazi imepangwa. Buro moja, jina nitaliacha, iko na shefu, musaidizi wa shefu, karani, na mwenye kukusanya taksi. Mwenye kushika filimbi hayuko. Alikuwako. Alichezesha watoto miaka mingi bila mushahara, akachoka, akaenda kuendesha taksi-moto. Nafasi yake ilipojazwa, waliweka mutu wa meza. Toka pale ndipo hesabu ya vijana ilianza kushuka, na leo hesabu hiyohiyo ndiyo wanatuonyesha juu ya kutunyima mutu wa kiwanja. Ni kama kumukatia mugonjwa dawa, kisha kumuambia: dawa haikusaidii, angalia vile umekonda.

Karani simulaumu sana. Katika inchi hii wako wafanyakazi wa serikali wengi wenye barua ya kazi mukononi na mushahara hawajauona. Wanawaita «nouvelles unités». Mutu wa vile atakula wapi? Atakula kwenye karatasi: ruhusa ya tamasha, ruhusa ya muziki, taksi ya mechi. Kijana anataka tu kupambanisha kartiye mbili siku ya Yenga, anaombwa franka mbele hata ya kupata mupira. Mimi naona ile inafukuza watu kuliko kitu kingine chote.

Na sheria iko. Ile ya tarehe 15 julai 2016 juu ya wafanyakazi wa serikali inataka mutu aingie kazini kwa mutihani wa kushindania nafasi. Kuwa mupwa wa mukubwa si mutihani. Tena sheria ya 2008 inaupa usultani, kama huu wetu wa Bafuliiru, bajeti na utawala wake wenyewe. Katiba, kipengele cha 175, inasema 40% ya mapato ya taifa ibaki majimboni, na sheria ileile ya 2008 inasema 40% ya sehemu ile ishuke mpaka kwenye miji, komini, sekta na usultani. Kama pesa hizo hazishuki vile zilivyoandikwa, wote tunajua. Lakini hata zile kidogo zinazofika, mutu mumoja wa kiwanja hawezi kukosa ndani.

Wako wanaosema: wakati huu wa vita, munalilia michezo? Tukumbuke Sange, kwenye njia yetu hii. Tarehe 2 julai 2010 lori la mafuta lilipinduka na kuwaka, watu zaidi ya 230 wakafa. Kati yao walikuwa waliojazana kwenye vibanda vya sinema wakiangalia Kombe la Dunia. Lori ndilo liliua, tusidanganyane. Ila vijana wasio na mahali pao watakaa pale wanapopata, kando ya RN5, ndani ya udongo na mabati. Na yule anayemuita kijana wa miaka 15 leo jioni, anamupa kundi, jina na kazi, munamujua, na filimbi hana. Mwaka 2021 serikali iliunda programu nzima, P-DDRCS, juu ya kutoa watu kwenye makundi ya silaha. Kumuzuia mutoto asiingie ni rahisi kuliko kumutoa.

Kwa hiyo tunaenda na barua. Tunaomba liste ya wafanyakazi ibandikwe ukutani: nani, kazi gani, analipwa ao hapana. Nafasi itakayofuata iwe ya mutu wa kiwanja, itangazwe wazi, na mwanamuke akiweza kazi asirudishwe nyumbani. Bila yeye wazazi hawatatuma wasichana. Na taksi ya mechi za watoto, watuonyeshe iko kwenye karatasi gani. Wakitutuma mulango mwingine, tutaenda na barua ileile. Luhwindja, hapa hapa Kivu Kusini, wanainchi walikaa wakachagua kazi za bajeti yao, kwa hiyo hatuombi mwezi.

Sisi tutahesabu. Mwezi muzima, kila jioni, wawili wetu watachezesha watoto na mumoja ataandika kwenye kaye wangapi wamekuja, wasichana mbali, wavulana mbali. Mukubwa akisema hatuji, tutafungua kaye.

Majina ya kuchezesha yanaandikwa pale kwa yaya mwenye kitambaa cha bluu. Nahitaji sita leo, wasichana wawili kati yao. Mwenye mupira usio na tundu auseme sasa hivi.