Tuanze na Paa, Tumalizie na Betri



Tunawashukuru kwa kuitikia wito wa kuzungumzia ukarabati wa nyumba zetu za zamani, kuanzia milima ya Umatengo hadi mwambao wa Ziwa Nyasa. Nyumba hizi za mapadre, walimu na wauguzi bado zinaweza kutumika miaka mingi. Leo tunataka tuelewane jinsi ya kuzipatia nishati ambayo parokia itaweza kuitunza yenyewe.

Mkoa wetu wa Ruvuma una mfano mzuri. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole walijenga kituo cha umeme wa maji cha Tulila katika mto Ruvuma. Kilianza kazi mwaka 2015 kikiwa na uwezo wa megawati 5, na umeme wake ukauzwa kwa TANESCO, wakati Songea bado ikitegemea majenereta ya dizeli. Gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018. Masista walitumia kilichokuwa karibu nao. Nasi tutazame kilicho karibu: milimani kuna vijito na samadi, mwambaoni kuna jua.

Jambo la kwanza ni paa. Paneli ya sola huweza kudumu miaka 20 na zaidi, lakini haitadumu juu ya mbao zilizoliwa na mchwa. Tubadili kwanza kenchi na bati, ndipo fundi apande na paneli. Kwa kuwa tuko kusini mwa Ikweta, paneli ielekee kaskazini, na iinamishwe kidogo ili mvua ioshe vumbi. Isikae kwenye kivuli cha mwembe. Kuta za ndani zikipakwa chokaa nyeupe, taa ndogo hutosha chumba.

Jambo la pili ni hesabu. Taa 6 za wati 5, zikiwaka saa 5, hutumia wati-saa 150. Redio ya wati 10 kwa saa 6 hutumia 60. Kuchaji simu 4 tukadirie 40. Jumla ni 250 kwa siku. Paneli ya wati 100 ikipata saa 4 za jua kali hutoa takriban 400 kabla ya upotevu, hivyo inatosha. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba 1,200, lakini tusitumie zaidi ya nusu. Nusu hiyo inavusha siku mbili za mawingu. Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa moja imekula umeme wa siku nne! Pasi ya mkaa ibaki kazini.

Kupikia pia kusitegemee paneli hiyo. Penye ng'ombe wawili au watatu wa kufugwa zizini, na maji ya kutosha, biogesi inafaa, na tope lake ni mbolea nzuri kwa kahawa. Pasipo na ng'ombe, tujenge jiko banifu lenye bomba la moshi.

Jambo la tatu ndilo linaloua miradi mingi: betri. Ya asidi huchoka mara nyingi baada ya miaka 3 hadi 5. Za lithiamu hudumu zaidi, ila bei yake ni kubwa. Mfadhili ameshaondoka, mfuko hauna kitu, na nyumba inarudi kwenye koroboi huku paneli nzima iko juu ya paa. Dawa yake ni nyepesi: tugawe bei ya betri mpya kwa miezi 36, na kiasi hicho kiwekwe kila mwezi, kwa kitabu na sahihi mbili. Betri ikae mahali penye hewa, mbali na moto na vyumba vya kulala, na mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia maji yake.

Kwa hiyo tunaomba kila kamati inayoleta maombi ije na mambo matatu: ripoti ya fundi kuhusu paa, hesabu ya matumizi, na kitabu cha mfuko wa betri kilichokwisha kufunguliwa. Nanyi wafadhili wetu, tunawaomba msaidie bati, mbao na mafunzo ya vijana mafundi, hata kama havipendezi katika picha kama paneli.