Kazi Yetu na Afisa wa Watoto



Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yamtaka hakimu atangulize maslahi ya mtoto. Lakini hakimu aketiye Kitui au Makueni halijui jiko la mlezi. Afisa wa watoto ndiye aandikaye taarifa, naye eneo lake ni kubwa mno; sisi wa kujitolea twakaa karibu, twajua nyumba ambamo mtoto hulala na njaa.

Mwaka uliopita tulinyamaza, tukidhani afisa ameona. Mtoto mmoja akarudishwa alikopigwa. Kosa lilikuwa letu.

Sasa twamwandikia afisa kabla ya siku ya kesi, tukitaja tuliyoyaona kwa macho, wala si maneno ya mtoni. Mbele ya hakimu, wakili ndiye amsemeaye mtoto. Sisi twaketi naye nje akingoja kuitwa.